Mkoba wa Huduma ya Kwanza Katika Sarang'ombe



Gari la wagonjwa laweza kufika kwenye barabara ya lami ya Kibera, lakini haliwezi kuingia katika vichochoro vya Gatwekera, ambamo watu wawili wakipishana hapana budi mmoja ageuke ubavu. Basi msaada wa kwanza huletwa kwa miguu, na vijana wa mahali hapo. Kwa hiyo, katika kuwachagulia vifaa, jambo la kuuliza mbele ya bei ni hili: je, kijana aweza kukimbia navyo? Sanduku la chuma lililopigiliwa ukutani lafaa ofisini. Huku wafaa mkoba wa mgongoni, usiopenya maji, ili mikono yote miwili iwe huru.

Tena yafaa kuangalia watu wa hapo huumizwa na nini. Jiko la mafuta ya taa huripuka, sufuria ya maji ya moto humpindukia mtoto katika chumba kilekile cha kupikia na kulala, mabati hukata, na masika yakiingia watu huteleza mitaroni wakavunjika mikono. Mkoba uliojaa plasta ndogo ndogo na vichupa vya dawa za rangi ni mzuri wa kutazamwa tu.

Zitangulie glavu, jozi tele, maana damu yaweza kuwa na maradhi. Zifuate shashi safi, bendeji pana, mkasi wa ncha butu wa kukatia nguo, na vitambaa vya pembe tatu. Hivi si lazima vinunuliwe dukani: kipande cha marekani cha mita moja kila upande, kikikatwa mshazari, hutoa viwili. Mshipi wa kuzuia damu uwemo pia, lakini ushikwe na aliyefundishwa, na saa uliyofungwa iandikwe. Basi kalamu isisahauliwe. Mafunzo hayo hutolewa na St John Ambulance, iliyoanza Kenya mwaka 1928, na Chama cha Msalaba Mwekundu, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1965.

Dawa kubwa ya moto haimo mkobani. Ni maji safi, yamiminwe juu ya palipoungua kwa dakika 20, kisha pafunikwe kwa nailoni safi. Dawa ya meno, unga na mafuta visipakwe kamwe. Lakini katika vijiji hivi maji hununuliwa kwa mtungi, na moto hausubiri mwenye kioski afungue. Kikundi chenye busara kitaweka madumu mawili yaliyojaa kwa jirani anayejulikana na wote.

Kila mwezi watu wawili na waufungue mkoba, wahesabu vitu kwa kufuata karatasi iliyobandikwa ndani, na kurudisha vilivyotumika. Wala usifungiwe kwa kufuli nyumbani kwa mwenyekiti, ambaye alfajiri huenda kazini Industrial Area na ufunguo mfukoni.