Salum Abdallah na Silabi za Dansi



Ninayemzungumzia leo hatumtafuti kwa kawaida katika rafu za isimu. Salum Abdallah Yazide alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Ujana wake ulitekwa na santuri za Kuba, na husimuliwa kwamba alitoroka kwao hadi Mombasa akitaraji kupata meli ya kumfikisha huko. Hakufika. Mwaka 1948 alianzisha bendi mjini Morogoro akaiita La Paloma. Baadaye ikawa Cuban Marimba. Aliiongoza, akaitungia na kuipangia muziki hadi alipofariki katika ajali ya gari Novemba 1965.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipendekeza kuandika tasnifu juu ya nyimbo za dansi. Mwalimu wangu alinijibu kuwa huo ni muziki wa vilabuni, nitafute tenzi. Nikatafuta tenzi, wala sijuti. Lakini jibu lile lilitunyima swali la kiisimu: mpangaji huyu aliwezaje kukiweka Kiswahili juu ya mapigo ya Kuba pasipo kukivunja?

Sehemu ya jibu imo katika lugha zenyewe. Kihispania kina irabu tano, nasi tunazo tano. Maneno mengi ya Kihispania yanayoishia kwa irabu huwa na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, palepale tunapouweka sisi. Aidha, kiongozi kuimba na wenzake kuitikia hakukuwa kugeni kwa aliyekulia kwenye ngoma za Waluguru. Hata hivyo, ulinganifu huo una mipaka. Katika neno "mtu", mkazo huiangukia m, silabi isiyo na irabu. Kihispania hakina silabi ya aina hiyo. Mpangaji hana budi kuamua: aipe m noti yake, au aibane kwenye noti ya tu na kulipotosha neno? Huo ni uamuzi wa kifonolojia, ingawa hufanywa gitaa likiwa mkononi.

Chukueni jina la wimbo wake mmoja, "Ngoma Iko Huku". Lina maneno matatu, kila moja lina silabi mbili wazi, na mkazo uko kwenye silabi ya kwanza ya kila neno. Wimbo haujaanza, jina tayari linatembea kwa mapigo. Lakini "Ngoma Ipo Hapa" nalo lingetembea vivyo hivyo, basi kwa nini ku- na si pa-? Kwa maoni yangu, pa- humwonyesha msikilizaji mahali mahususi, penye mlango na kiingilio. Ku- hutaja upande tu, jinsi mtu asikiavyo mlio wa ngoma usiku kabla hajajua unatoka ua upi. Aliye "huku" anamwita mtu aliye bado njiani.