Breki Zikipata Moto, Tutafute Sababu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Nyeri)



Tumeombwa tuseme juu ya breki zinazopata moto. Sisi tunaofanya kazi Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki, Embu, Chuka na Meru hatuna barabara tambarare nyingi. Leo twapanda, kesho twashuka, na katika kushuka breki ndiyo hubeba mzigo. Hatujasahau kwamba tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilianguka kutoka daraja la Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Wakuu wa serikali wa huko walisema siku zile kwamba yaelekea breki zilikataa. Basi jambo hili ni la maisha ya abiria na maisha yetu sisi wenyewe.

Kwanza tuelewe moto huo watoka wapi. Gari la tani tatu likishuka mlima wa mita 500 kwenda chini, nguvu yake yatosha kuchemsha zaidi ya madebe mawili ya maji baridi. Nguvu hiyo haipotei. Injini ikiachwa ishike gari kwa gia ndogo, sehemu kubwa yaishia huko. Dereva akiweka gia huru ili kuokoa mafuta, karibu yote yaingia katika breki. Kwa hiyo gia ya kushukia na iwe ile ile ambayo ungepandia mlima huo.

Lakini mara nyingi gari huletwa gereji nalo limepata moto hata mahali pa tambarare. Hapo mwenye gari husema, "Badilisha pedi tu, gari lirudi barabarani." Ndugu zetu, pedi iliyoungua ni kama jasho la mtu mwenye homa. Ukimfuta jasho hujamponya. Pedi mpya ikitiwa juu ya ugonjwa wa zamani, nayo itaungua, na lawama zitamrudia fundi.

Basi twaanza hivi. Endesha gari kilomita chache mahali tambarare bila kutumia breki sana, kisha usimame. Usiguse diski wala drami, maana yaweza kukuunguza vibaya. Sogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu. Linganisha la kushoto na la kulia la mbele, kisha ya nyuma vivyo hivyo. Usilinganishe mbele na nyuma, kwa sababu ya mbele hufanya kazi kubwa zaidi, na ni desturi yawe na joto zaidi.

Gurudumu moja likiwa na moto, usikimbilie kulilaumu. Pandisha gari kwa jeki, baada ya kuweka mawe au vigingi, ulizungushe kwa mkono. Likizunguka vizuri, tazama mwenzake upande wa pili. Huenda lile la baridi ndilo gonjwa: halishiki kabisa, na lenye moto limefanya kazi ya wawili. Tazama pia beringi, maana beringi mbovu hutia moto katika kikombe cha gurudumu, na watu hudhani ni breki.

Gurudumu likiwa gumu kuzunguka, fungua kidogo kile kiskurubu cha kutolea hewa. Likibaki gumu, ugonjwa uko hapo hapo: pistoni imekwama kwa kutu, au pini za kalipa zimekauka kwa matope. Likilegea, ujue kuna nguvu iliyofungiwa ndani ya mpaipu. Funga kiskurubu, kanyaga breki tena, kisha legeza nati mahali mpaipu wa chuma unapoungana na mpira wa breki. Gurudumu likibaki gumu, mpira umevimba kwa ndani. Wapitisha oili ukikanyaga, lakini hairudi ukiachia. Mpira huo kwa nje waweza kuonekana mzima kabisa. Gurudumu likilegea pale, panda juu mpaka masta silinda.

Magurudumu yote yakiwa na moto, anza na masta silinda. Kanyagio lapaswa kucheza kidogo kabla ya kusukuma. Lisipocheza, breki hazirudi zote, na joto linapozidi ndivyo zinavyozidi kushika. Uliza pia kama kuna mtu aliyetia oili ya injini katika chupa ya oili ya breki. Oili hiyo huvimbisha mipira yote, na hapo kusafisha peke yake hakutoshi: mipira yote iliyoguswa haina budi kubadilishwa. Ya nyuma mawili yakiwa na moto, tazama waya za handibreki. Na dereva naye ajichunguze kama ana desturi ya kupumzisha mguu juu ya kanyagio.

Sasa oili ya breki yenyewe. Oili ya aina ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini hunywa maji kutoka hewani, na ikisha kunywa kiasi cha sehemu 4 katika 100, kipimo chake hushuka mpaka nyuzi 140 hivi. DOT 4 huanza na 230 na kushuka mpaka 155. Ikichemka hufanya mvuke, na mvuke hubonyea. Kanyagio laenda mpaka chini na gari halisimami. Ndiyo sababu yafaa oili ibadilishwe kila miaka miwili, hata kama chupa imejaa.

Ukiwa njiani ukasikia harufu ya kitambaa kinachoungua, au kanyagio limekuwa refu kuliko asubuhi, toka barabarani mapema ungali na breki. Weka mawe kwenye magurudumu, usivute handibreki juu ya drami yenye moto, na ngoja nusu saa au zaidi. Usimwage maji, chuma cha moto hupasuka kwa maji baridi. Ukiondoka, ondoa mawe yale, yasije yakamuua mwingine. Nanyi makanika, msipulize vumbi la breki kwa hewa ya pampu. Laini za zamani zaweza kuwa na asbesto, nayo huharibu mapafu. Futeni kwa kitambaa chenye maji.

Mwisho, neno la chama. Twajua tajiri hupenda gari litembee, na dereva huogopa kupoteza kazi. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa ya karibu amwarifu msimamizi wake, na mwenye mahali pa kazi asimlazimishe kurudi kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Kwa hiyo andika katika daftari: tarehe, nambari ya gari, gurudumu gani, na umemwambia nani. Fundi naye aandike alichokiona na alichokatazwa kutengeneza. Ajali ikitokea, anayeshikwa kwanza ni dereva, na maneno ya mdomo hayana shahidi. Mkikataliwa, leteni daftari hilo kwa katibu wa tawi, maana mtu mmoja akikataa kushuka mlima na breki mbovu huitwa mvivu, lakini tukikataa sote gari litatengenezwa.

Umoja ni nguvu.