Bawabu na Daftari Lake



Mtu anayeiacha seva ya Linux wazi kwenye intaneti, ijapokuwa ni kompyuta kuukuu iliyowekwa nyuma ya duka la nafaka, aghalabu huona, akilifungua asubuhi daftari liitwalo auth.log, kwamba usiku kucha mlango wake umebishwa na wageni asiowajua, wakijaribu jina la root, kisha admin, kisha root tena. Wala hao si mahasidi wake, bali ni programu zinazozunguka dunia nzima zikisukuma kila mlango ili zione upi umesahauliwa komeo.

Nami niliianza kazi hii ya kulinda seva kwa ghururi. Siku moja, nikiwa hapa Arua naihudumia seva iliyoko Koboko, niliwasha ukuta wa moto kwa amri ya ufw kabla sijauagiza uniachie mlango wa 22, ambao ndio njia ya SSH, programu ya kuingilia seva kutoka mbali. Programu yenyewe, kwa adabu nisiyoistahili, iliniuliza kama nina yakini, nami nikabonyeza herufi ya kukubali. Nilipotoka na kutaka kurudi, bawabu niliyemwajiri mwenyewe alikuwa amenifungia nje. Ikanilazimu kupanda gari hadi Koboko na kuazima skrini na kibodi, ili niandike mstari mmoja tu.

Hiyo SSH nayo ilizaliwa kwa msiba: mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kunaswa katika mtandao wa chuo chake huko Finland, Tatu Ylönen aliiandika ili maneno hayo yasipite tena uchi njiani. Leo tunatumia jozi ya funguo badala ya neno la siri, na fail2ban hulisoma daftari na kumfukuza anayekosea mara nyingi. Hayo ni mema, ila mimi siuamini sana wingi wa zana.

Maana miezi ya Februari na Machi 2024 adui hakubisha hodi: mtu aliyejiita Jia Tan, akiisha kuwatumikia wenye mradi wa xz, programu ya kubana data iliyounganishwa na SSH katika baadhi ya mifumo ya Linux, kwa zaidi ya miaka miwili hata akakabidhiwa amana, alificha mlango wa siri ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyemfichua, Andres Freund, hakuwa mlinzi. Alikuwa akipima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL, akashangaa kuona kuingia kwa SSH kumechelewa kiasi cha nusu sekunde, akaifuata nusu hiyo hadi chimbuko lake. Hapa kwetu, ambako mtandao husuasua hata kwa barua fupi, nusu sekunde ingepotea kama tone katika mto Enyau. Ndiyo sababu wanafunzi wangu huipima seva ingali mezani, kwa waya mfupi, na kuuandika muda wa kuingia kwa kalamu.