Hakathoni za Wanafunzi wa Vyuo Vikuu na Manufaa Yake kwa Wakazi wa Kata

Nakala ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakazi wa kata



Wazazi wenye watoto vyuoni huuliza: kijana anayeomba nauli ili akakeshe siku mbili mbele ya kompyuta, pasipo malipo wala alama za mtihani, hurudi na nini? Swali hilo ni la haki, kwani nauli hiyo pengine imetokana na kuuzwa kwa debe la mahindi.

Shughuli hiyo huitwa hakathoni. Jina lilianza kutumika mwaka 1999, waandishi wa programu walipokutana mjini Calgary, Kanada, kuendeleza mfumo wa kompyuta uitwao OpenBSD. Mwaka 2009 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walianzisha ya kwao, PennApps. Siku hizi vijana hugawanyika katika vikundi vidogo, hupewa tatizo, na baada ya saa 24 au 48 kila kikundi huonyesha waamuzi kilichojengwa.

Kinachojengwa kwa kawaida ni mfano tu, tena wenye kasoro nyingi. Faida iko kwingine. Kijana hodari wa kuandika programu hugundua kuwa hawezi kuieleza kwa dakika tatu. Msemaji mzuri naye hugundua kuwa maneno matupu hayaendeshi mashine. Hulazimika kugawana kazi, kuacha wazo zuri lisilowezekana kwa muda uliopo, na kutetea walichofanya. Stadi hizo ni vigumu kuzipata darasani, nazo ndizo mwajiri anazozitafuta. Kazi inayoweza kufunguliwa na kujaribiwa humtambulisha kijana vema kuliko barua ya maombi.

Udhaifu wa hakathoni ni kwamba vijana hujenga kwa ajili ya watu wasiopata kuzungumza nao. Huundwa programu ya simu janja ya kutoa taarifa za bomba lililopasuka, ilhali mchota maji ana kitochi. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, haukuwa hakathoni, lakini unafundisha jambo hapa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walitembea mitaani pamoja na wakazi wa maeneo yanayokumbwa na mafuriko, Tandale ikiwemo, wakachora mifereji, njia na majengo katika ramani iliyo wazi kwa wote. Mkazi ndiye ajuaye maji hupita wapi.

Kwa hiyo mwananchi hahitaji kujua kompyuta ili ashiriki. Anahitajika kuleta tatizo lililo wazi. Kusema "huduma ya maji ni mbovu" hakumsaidii mwanafunzi. Kusema kwamba kituo cha maji hufungwa bila taarifa, na akina mama hukuta kufuli baada ya mwendo mrefu, kunamsaidia. Huenda jibu likawa ujumbe mfupi wa simu tu.

Tahadhari moja ni ya lazima. Daftari la wagonjwa wa zahanati au orodha ya namba za simu za wakazi isikabidhiwe kwa vikundi hivyo kwa sababu ya ukarimu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu wanafunzi pia. Majina ya kubuni yanatosha kabisa kwa majaribio.

Baada ya siku mbili, vijana hurudi kwenye mitihani na kazi nyingi hufia hapo. Kikundi chenye nia ya kuendelea kinaweza kujisajili na kuomba mkopo usio na riba katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 kati yake ni za vijana. Hata hivyo mkopo hurejeshwa. Kabla ya kuomba, kikundi kiwe na jibu la maswali mawili: nani atailipia huduma hiyo, na nani ataingiza taarifa za kituo cha maji kila asubuhi.