Kidonge Kimoja, Miili Miwili

Leo nazungumza na mama, dada na shangazi wanaoishi na VVU. Na wewe baba, usizime redio, yanakuhusu.

Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye miaka 15 na zaidi, takriban 6 wanaishi na VVU. Kwa wanaume ni 3. Kwa nini wanawake ni wengi zaidi? Kwanza ni maumbile: virusi hupenya kwa urahisi zaidi katika ngozi laini ya ukeni. Pili ni maisha: binti anayemtegemea mwanamume kwa chakula hawezi kusisitiza avae kondomu.

Mara nyingi mama ndiye hujua kwanza, kwa kuwa hupimwa kliniki ya wajawazito. Huanza dawa mapema, akajikinga yeye na mwanawe. Lakini akirudi nyumbani huambiwa ndiye aliyeleta ugonjwa. Jamani, aliyepimwa kwanza si lazima awe aliyeambukizwa kwanza! Baba naye hungoja mpaka alazwe, ndipo apime.

Sasa nisikilize vizuri, mama. Mwanamke mwenye VVU yuko hatarini mara 6 zaidi kupata saratani ya shingo ya kizazi, maana kirusi cha HPV kinachoileta hung'ang'ania mwilini kinga inapopungua. Ila saratani hii hujijenga kwa miaka, na wewe unaweza kuiwahi. Muuguzi hupaka siki maalumu kwenye shingo ya kizazi. Penye mabadiliko hugeuka peupe, na mara nyingi hutibiwa siku ileile.

Dawa za VVU nazo zina mambo yake. Dolutegravir hufubaza virusi vizuri kwa wote, lakini wanawake huelekea kunenepa zaidi. Efavirenz hupunguza nguvu ya vijiti vya uzazi wa mpango, ukashtukia una mimba. Usiache dawa kwa hofu. Mweleze mhudumu, akubadilishie njia ya uzazi wa mpango.

Basi siku ya kliniki usiondoke na kopo la dawa tu. Uliza: shingo yangu ya kizazi ilichunguzwa lini? Njia yangu ya uzazi wa mpango inapatana na dawa zangu? Virusi vyangu vimefubaa kiasi gani?

Na wewe baba, siku hiyo msindikize. Ukifika, nawe upime.