Takataka za Jikoni na Haki ya Jirani

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, leo twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo mno kutajwa juu ya mimbari: maganda ya ndizi na mihogo, machicha ya nazi, na majani yanayofagiwa uani kila asubuhi. Twajua sote viendako vitu hivi. Hutupwa mtaroni au nyuma ya ukuta wa jirani. Ikija masika mtaro huziba, maji machafu huvuka vizingiti, na wanaougua ni watoto wa nyumba ya bondeni ambao hawakutupa chochote. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Basi ni ipi hali ya yule auwekaye?

Chakula kilichosalia nacho kina daraja zake. Kwanza apewe mtu mwenye haja, kisha kuku na mbuzi, na kile ambacho hata mbuzi amekikataa ndicho kiende shimoni kuwa mboji. Nyumba imwagayo pilau ya karamu haina udhuru eti kwa kuwa shimo lake ni la mboji.

Namna yenyewe ni nyepesi. Chagueni pembe ya ua yenye kivuli, mbali na kisima na mbali na ukuta wa jirani. Chimbeni shimo la upana wa futi 3 na kina cha futi 2. Penye kutuama maji, lundo liwe juu ya ardhi. Tandazeni vijiti chini, kisha majani makavu, kisha maganda mabichi, kisha udongo kidogo, na kuendelea hivyo. Makavu yawe mara 2 au 3 ya mabichi, kwani mabichi yakizidi huleta uvundo na nzi. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Kila baada ya wiki 2 geuzeni kwa jembe ili hewa ipite. Mifupa ya samaki na mafuta msivitie, huvuta panya. Na plastiki haiozi. Baada ya miezi 3 au 4 mtakuta udongo mweusi usionuka.

Kwa wakaao upande wa mawe, mashariki na kusini mwa Unguja, ambako udongo ni haba baina ya miamba, faida yake ni kubwa zaidi: mpapai hupata pa kushika mizizi. Na mmea ukiliwa na mtu, mnyama au ndege, aliyeupanda huandikiwa sadaka, kama alivyotujulisha Mtume wetu.

Wako wanaoingiwa na shaka juu ya samadi, ambayo huharakisha kuoza. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yaliyoenea pwani yetu, samadi ni najisi. Hata hivyo wanavyuoni wameruhusu kurutubishia ardhi kwayo, na mmea uotao humo ni tohara, na tunda lake ni halali. Lililo lazima ni mwenye kuishika kuosha mikono na nguo kabla ya sala, na mchicha uliogusana nayo uoshwe kabla ya kutiwa chunguni. Mtu asiache jambo la manufaa kwa shaka, wala asisimame safuni na samadi miguuni. Ambaye moyo wake haukutulia, na aiache. Majani na maganda yatosha, ila yatataka siku zaidi.

Na wakaao ghorofani Mji Mkongwe, wasio na ua, watumie ndoo kuukuu iliyotobolewa chini na ubavuni. Maganda yakatwe vipande vidogo, na kila yatiwapo yafunikwe kwa majani makavu. Ikijaa, apewe mwenye bustani. Chini ya ndoo wekeni sinia, ili maji yake yasimdondokee jirani wa chini.

Wa billahi taufiki.