Kupima Umeme Utokanao na Joto



Wengi mnajua kazi yangu serikalini ni kukagua mizani ya wafanyabiashara. Leo sitasema habari za mizani. Nitasema habari za kijipande kimoja, kifupi kama chaki iliyokwisha, kilichonifunza kupima nilipokuwa Chuo Kikuu.

Mwaka 1821 Thomas Seebeck aliunganisha metali mbili zikawa pete, akapasha moto kiungo kimoja. Sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Yeye alidhani joto limezaa usumaku. Ørsted ndiye aliyeeleza kuwa ni mkondo wa umeme. Kwa njia hiyo hiyo vyombo vya Voyager, vilivyorushwa na Wamarekani mwaka 1977, vilipewa umeme kutokana na joto la plutoni, maana huko viendako jua halitoshi.

Kijipande changu kilikuwa cha bismuthi na teluri. Kukijua kama kinafaa, unapima ukinzani wake, na volteji kinayotoa kwa kila digrii moja ya tofauti ya joto kati ya ncha zake. Hiyo ya pili unaizidisha kwa yenyewe, kisha unagawanya kwa ukinzani. (Upitishaji wa joto nao hupimwa, ila huo una taabu zake.)

Ukinzani hupimwa kwa nyaya nne: mbili za kupitisha mkondo, mbili za kusoma volteji, ili ukinzani wa viungio usihesabiwe. Tena mkondo wenyewe hupasha ncha moja na kupoza nyingine, na tofauti hiyo huzaa volteji ya ziada. Kwa hiyo unageuza mkondo upesi upesi, kabla joto halijajikusanya. Hayo niliyafanya vizuri.

Nilipokosea ni kwenye joto. Nilipata mikrovolti 230 kwa digrii. Mwalimu wangu alifurahi, akabandika karatasi yangu ukutani, akasema itasomwa mbele ya wageni. Siku mbili baadaye fundi wa maabara, mzee asiye na maneno mengi, akaniuliza: "Kijana, mbona waya wako wa kupimia joto ni mnene hivyo?"

Nilimwelewa palepale. Waya mnene ulikuwa ukinyonya joto kwenye ncha ya moto, ukasoma pungufu. Tofauti ya joto ikaonekana ndogo. Nami nilipogawanya volteji kwa tofauti hiyo ndogo, jibu likavimba. Hakuna mwingine aliyekuwa ameuliza, na wageni walikuwa wanakuja Ijumaa. Nakiri kwamba nililala usiku mmoja bila kumwambia mtu.

Kesho yake nikafunga nyaya nyembamba kama unywele. Nikapata 205. Kwa kuwa hesabu huzidishwa kwa yenyewe, nilikuwa nimekisifia kijipande kile kwa zaidi ya robo.

Nilimpelekea mwalimu. Alinyamaza kitambo, akaenda kuibandua karatasi kwa mkono wake mwenyewe. Ijumaa wageni walisomewa kazi ya mwenzangu, nami nilikaa nyuma nikipiga makofi.

Waya ule mnene ninao mfukoni hapa. Vijana wa Kidato cha Tano wanaotaka kuuona, waje baada ya chai.